Kuvundika Taka, Kuopoa Nishati

"Mwalimu, hiyo valorizasyo watakayofanyia maganda yangu ndiyo nini?"

Aliyeuliza ni mama mmoja wa Mangobo, hapa Kisangani, muuza kwanga, ile mikate ya muhogo ifungwayo kwa majani, siku tulipokaa chini ya mwembe kuzungumzia uchafu wa mtaa. Mgeni wetu, mtu wa mradi wa taka, alikuwa ametoka kutamka maneno matano ya Kifaransa: valorisation énergétique des déchets organiques. Aliyatamka mara mbili, polepole. Mama akanigeukia mimi, kwa kuwa nilikaa karibu naye na kwa kuwa nafundisha lugha. Nikamwambia, "Ni kuzipa taka za kikaboni thamani ya kinishati." Kabla sijamaliza, macho yake yalikuwa yamekwisha kurudi kwenye beseni lake. Kila neno nililotumia lilikuwa la Kiswahili, na hakuna nililomweleza.

Makala hii ni jibu nililopaswa kumpa siku ile. Na hapo tayari pana jambo la kutusimamisha kidogo, maana kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi makala ni maandishi ya gazetini, lakini kwa watu wa mto Kongo makala ni makaa. Ukisema Kisangani kwamba unaleta makala, watu watatazama baiskeli yako waone gunia. Ndiyo maana mradi mkubwa uliochunguza kuni na makaa ya Kinshasa na Kisangani kati ya 2009 na 2013 uliitwa kwa jina hilohilo, Makala. Wachunguzi wake walikadiria kwamba mji wetu unateketeza karibu mita za ujazo 200,000 za mti kila mwaka kwa ajili ya jiko. Katika matanuru ya udongo ya msituni, kilo moja ya makaa hula kilo tano mpaka kumi za mti. Kituo cha umeme cha mto Tshopo, kilichojengwa miaka ya 1950, hakifikishi megawati 20 hata mashine zake zote zikizunguka. Basi chungu cha Kisangani kinategemea mbabula, yaani jiko la makaa, na mbabula inategemea msitu unaozidi kusogea mbali na mji.

Wakati huohuo, nyuma ya vibanda vya Soko Kuu kuna chungu cha namna nyingine. Maganda ya mihogo, maganda ya makemba (ndizi za kupika), majani yaliyofungia kwanga, mapapai yaliyopondeka, mashina ya sombe (kisamvu). Ukipita alfajiri, mvua ikiwa imekatika, utaona mvuke ukipanda kutoka juu yake. Tia mkono ndani kidogo tu, utahisi joto. Hakuna aliyewasha moto pale. Joto hilo ni nishati ambayo jua liliweka ndani ya mmea, na sasa inatoka bila kumfaa mtu.

Kazi inayoleta joto hilo mama muuza kwanga anaijua kwa mikono yake. Yeye huloweka mihogo majini siku tatu au nne. Kwanza maji hubaki matulivu, kisha huingia ukungu, halafu mapovu huanza kupanda na harufu kali hujaa uani. Mizizi hulainika, sumu ya sianidi hupungua, ndipo husongwa na kufungwa kwenye majani. Kazi hiyo yote hufanywa na vijidudu. Mama huwawekea tu mazingira wanayoyataka. Mtambo wa gesi ya taka ni beseni hilohilo lililofunikwa barabara lisipitishe hewa, likaachwa wiki kadhaa badala ya siku nne.

Ndani ya tangi lisilo na hewa, kundi la kwanza la vijidudu hukata wanga, protini na mafuta kuwa vipande vinavyoyeyuka majini. Kundi la pili huvigeuza vipande hivyo kuwa asidi za aina mbalimbali. La tatu huzigeuza asidi hizo kuwa asidi ya siki, pamoja na hidrojeni na kabonidioksidi. Mwisho huja viumbe vya kale sana viitwavyo arkea, ambavyo huchukua mazao ya wenzao na kutoa methani. Gesi inayokusanyika juu ya tope huwa na methani kati ya asilimia 50 na 70. Sehemu kubwa ya iliyobaki ni kabonidioksidi, na ndani yake mna kiasi kidogo cha hidrojeni salfidi, ile yenye harufu ya yai viza.

Methani ndiyo inayowaka. Mpiga kasia yeyote wa hapa amekwisha kuiona bila kujua jina lake, maana upondo ukichoma tope la ukingoni, mapovu hupanda mfululizo. Mwezi wa Novemba 1776, Alessandro Volta alifanya vivyo hivyo kwa fimbo huko Angera, kwenye Ziwa Maggiore kaskazini mwa Italia. Aliyakusanya mapovu ndani ya chupa iliyopinduliwa majini, akayawasha.

Sasa tuje kwenye majina. Gesi ni neno lililobuniwa na tabibu wa Brussels, Jan Baptist van Helmont, katika karne ya 17, kutokana na neno la Kigiriki linalomaanisha vurugu isiyo na umbo. Likaingia katika Kiswahili kwa milango miwili. Wa mwambao walilipokea kwa Waingereza, wakasema gesi. Sisi tulilipokea kwa Wabelgiji, tukasema gaz. Kwa maandishi mimi hushika gesi, maana limekubali irabu mwishoni na vitabu vya Tanzania na Kenya vinalitumia.

Jina la gesi hii ya taka bado linayumba. Tanzania, ambako kituo cha CAMARTEC cha Arusha kimefundisha mafundi wengi wa kujenga mitambo ya wafugaji, wanaandika biogesi, na wengine bayogesi. Wapo wanaosema gesi ya samadi. Wapo pia wanaoiita gesi asilia, na hilo ni kosa linalofaa kukomeshwa mapema. Gesi asilia ni ile inayochimbwa kama ya Songo Songo huko Tanzania, iliyokaa chini ya miamba mamilioni ya miaka. Biogesi huzaliwa wiki hii kutokana na kilichoota mwaka huu.

Gesi ya samadi ni jina zuri kwa Arusha, lakini halitufai. Samadi ni ya zizi, na Kisangani si mji wa ng'ombe. Tuko ndani ya msitu wa mvua, ambako mbung'o hawajaruhusu makundi makubwa ya ng'ombe. Huku kuna nguruwe, mbuzi na kuku, na zaidi ya wote kuna muhogo na ndizi. Ukimwambia mtu wa Kabondo kwamba gesi hii ni ya samadi, atakwambia hana ng'ombe, na mazungumzo yataishia hapo. Istilahi iliyofungwa kwenye malighafi moja huwafungia nje wote wenye malighafi nyingine. Kwa hiyo nakubali biogesi, na naacha bayogesi, maana Mkongomani akiona bio hulitamka kama lilivyoandikwa.

Kuna jina jingine nalisikia mitaani, gesi ya mavi, na najua litaudhi wengine nikiliandika. Nimeliandika kwa sababu lina nguvu. Jina hilo peke yake latosha kumfanya mama akatae kupikia. Anadhani uchafu utapanda na moto uingie chunguni. Ukweli ni kwamba methani ikishaungua haiachi kitu ila mvuke wa maji na kabonidioksidi, na mwali wake ni wa buluu usiotia sufuria masizi. Lakini elimu hiyo huja baada ya jina, na jina likishamtia mtu kinyaa, elimu haimfikii.

Tuingie kwenye tendo lenyewe. Kifaransa husema méthanisation, yaani hutaja kinachotoka. Katika Kiswahili cha vitabu nimekuta mmeng'enyo bila hewa, uchachushaji na uozeshaji. Mmeng'enyo ni picha ya tumbo, na si picha mbaya, kwa sababu viumbe walewale wanaotoa methani wamo tumboni mwa ng'ombe. Ila mmeng'enyo bila hewa ni kifungu cha mtihani. Hakuna atakayekitamka sokoni. Uchachushaji umeshikwa na pombe na unga. Uozeshaji unasema nusu ya jambo, kwa sababu hata rundo la Soko Kuu linaoza, tena kwa kasi, na halimpi mtu kitu. Tofauti ya rundo na tangi iko katika kufunika, na hakuna hata moja kati ya maneno haya linalofunika.

Mwambao wana kitenzi kinachofunika, nacho ni kuvundika. Kuvundika ndizi ni kuzichukua zikiwa mbichi, kuzilaza mahali penye joto, kuzifunika kwa majani au gunia, na kuzisubiri ziive. Labda si kila mtu wa Kisangani anayelitumia neno hilo, lakini tendo lake liko katika kila nyumba yenye mkungu wa ndizi. Na tazama kinachofanyika chini ya gunia lile. Ndizi inayoiva hutoa gesi iitwayo ethilini, na gesi hiyo ikizuiliwa isitawanyike huziivisha ndizi jirani. Bibi zetu walikuwa wakifungia gesi ndani ya majani karne nyingi kabla ya neno gesi kufika hapa. Kuvundika kumebeba mambo manne ambayo mtambo unayahitaji: kufunika, joto, muda na kusudi. Na ndani yake mna kuvunda, yaani kuoza na kunuka, kwa hiyo hakifichi ukweli wa malighafi.

Basi nasema kuvundika taka-oza. Taka-oza ni taka za asili ya mimea na wanyama, tofauti na chupa na mifuko ya plastiki. Tanzania na Kenya wameshazoea kusema taka zinazooza na zisizooza, nami nimeufupisha msemo huo tu. "Taka za kikaboni" tuliache. Plastiki nayo ina kaboni, kwa hiyo neno hilo halitenganishi kile tunachotaka kitenganishwe.

Limebaki neno gumu kuliko yote, lile valorisation. Mzizi wake ni thamani, na katika mikutano yetu limezaa kuthaminisha na kuongeza thamani. Yote mawili ni maneno ya mfanyabiashara. Mama akisikia kwamba maganda yake yanaongezewa thamani, atauliza, kwa haki, atalipwa kiasi gani. Wengine husema kuzalisha nishati kutokana na taka. Nalo linapotosha kidogo, maana nishati haizaliwi ndani ya tangi. Ilikuwemo ndani ya ganda tangu muhogo ulipokuwa shambani Lubunga ukiota jua. Kazi ya mtambo ni kuiwahi kabla haijapotea hewani.

Nilipata neno langu nikiwa kwenye maporomoko. Msomaji ambaye hajafika Kisangani ajue kwamba Wagenia hutega samaki palepale mto unapovunjika juu ya mawe. Husimika miti minene katika mkondo, huning'iniza vikapu virefu vyenye mdomo mpana, na nguvu ya maji humsukuma samaki ndani. Kisha vijana huenda juu ya miti ile, maji yakinguruma chini yao, wakavuta vikapu juu. Hawakumfuga samaki wala hawakumlisha. Mto ungempeleka chini bila yeyote kumwona, wao wakamtoa. Kiswahili sanifu kina kitenzi mahususi kwa tendo hilo la kutoa kilichozama, nacho ni kuopoa. Kwa Kiswahili cha kwetu Kongo wengi wangesema kutosha, lakini kwa mtu wa Tanga kutosha ni kuenea, kwa hiyo hapa nawafuata wa mwambao.

Kuopoa nishati, basi. Neno hili linasema kwamba kitu kilikuwepo, kilikuwa kinapotea, na mtu amekiwahi. Na kuna mahali linafaa neno kwa neno. Ziwa Kivu lina methani nyingi iliyoyeyuka katika maji ya kina. Tangu 1963 kiwanda cha bia cha Gisenyi kilitumia gesi ya ziwa hilo, na mtambo wa KivuWatt wa upande wa Rwanda, wenye megawati 26, huvuta maji kutoka kina cha zaidi ya mita 300, gesi ikajitenga kama soda inayofunguliwa, kisha ikaendesha mashine za umeme. Kule kuopoa si sitiari tena.

Jirani na ziwa hilo ndiko kulikotoka ushahidi kwamba Kiswahili cha Kongo kinaweza kuipa sayansi neno. Watu wa Goma huita mazuku, yaani upepo mbaya, ile kabonidioksidi inayotoka ardhini, ikatuama mabondeni kwa sababu ni nzito kuliko hewa, ikaua mbuzi na hata watu. Wataalamu wa volkano duniani wameliokota neno hilo wakaliandika katika majarida yao lilivyo, mazuku. Hakuna kamati iliyolibuni. Lilibuniwa na waliokuwa wakizika mifugo yao. Napenda sana habari hiyo, na kila mwanafunzi wangu huisikia kabla mwaka haujaisha.

Ziko njia mbili za kuopoa nishati ya taka, na mikutano huzichanganya. Addis Ababa walifungua mwaka 2018 mtambo wa Reppie, wa kuchoma taka za mji na kutumia joto lake kutengeneza umeme. Huko ni kuteketeza. Taka za Kisangani, zilizojaa maganda mabichi na kunyeshewa karibu kila mwezi, zimelowa mno; ukizichoma, sehemu kubwa ya joto itaishia kukausha maji yake. Kwa taka mbichi, kuvundika ndiyo njia.

Kuvundika huko kumefanyika wapi? Karibu nasi ni Cyangugu, ng'ambo ya mto Rusizi ukitokea Bukavu. Gereza la pale lilikuwa na maelfu ya wafungwa, vyoo vilivyofurika, na jiko lililokula kuni kwa malori. Taasisi ya sayansi na teknolojia ya Kigali, KIST, ilijenga huko matangi ya matofali yenye umbo la mzinga, yaliyozikwa ardhini na kuunganishwa. Yalianza kazi mwaka 2001, magereza mengine yakafuata, na matumizi ya kuni yakapungua karibu nusu. Tope lililobaki, likiwa halinuki tena kama mwanzo, lilikwenda kwenye bustani za gereza. Mwaka 2005 KIST ilipata Tuzo ya Ashden kwa kazi hiyo. Na huko Hale, mkoani Tanga, kampuni ya Katani ilizindua mwaka 2008 mtambo wa kilowati 150 uliotumia mabaki ya mkonge. Jani la mkonge hutoa nyuzi karibu asilimia 4 tu. Sehemu iliyobaki ilikuwa ikimwagwa.

Mifano yote miwili inafundisha jambo ambalo wafadhili wetu hulisahau. Gereza na kiwanda vina taka nyingi za aina moja mahali pamoja, kila siku. Jiko la nyumba moja halina. Familia ya watu watano au sita huhitaji mita za ujazo moja na nusu hadi mbili za biogesi kwa siku. Tani moja ya mabaki mabichi ya chakula, mtambo ukiendeshwa vizuri, hutoa takriban mita za ujazo 100. Piga hesabu: nyumba ingehitaji kilo 15 mpaka 20 za mabaki kila siku, na hakuna nyumba Kisangani inayotupa chakula kiasi hicho. Soko linatupa. Shule ya bweni ina vyoo. Kwa mji wetu mahali pa kuvundika ni soko, bweni, hospitali na gereza. Kumgawia kila mama wa Mangobo tangi lake ni kumwekea kaburi uani.

Muhogo una ukaidi wake pia. Wanga wake hugeuka asidi upesi kuliko arkea wanavyoweza kuila, tangi likachachuka, gesi ikakatika. Dawa yake ni kuchanganya maganda na kinyesi cha nguruwe au cha vyoo, ili uwiano wa kaboni na nitrojeni uwe kati ya 20 na 30 kwa moja. Hali ya hewa yetu inasaidia. Vijidudu hawa hustawi zaidi kwenye nyuzi 35 hadi 37, na Ulaya hulazimika kuchoma sehemu ya gesi ili kupasha tangi moto. Kisangani ina wastani wa nyuzi 25 mwaka mzima, bila majira ya baridi ya kuwalaza.

Kuna malighafi nyingine inayoelea mbele yetu. Gugu maji liliingia mto Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1950, na serikali ya kikoloni ililipiga dawa bila kulimaliza. Watu wa mtoni waliliita Kongo ya sika, Kongo mpya. Zaidi ya asilimia 90 ya gugu hilo ni maji, na lazima likatwekatwe kabla ya kuvundikwa, kwa hiyo si hazina ya bure. Lakini linavundika.

Na liwe wazi kwamba tangi linalovuja ni baya kuliko rundo lililoachwa wazi. Methani hupasha anga joto mara 28 hivi kuliko kabonidioksidi ikipimwa kwa miaka 100, na ikichanganyika na hewa kwa asilimia 5 hadi 15 hulipuka. Hii ni sababu nyingine ya kushikilia kuvundika: neno lenyewe linamwambia fundi kwamba kifuniko ni nusu ya kazi.

Katiba yetu ya 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, na tangu 2022 Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye Kamisheni ya Kiswahili huko Zanzibar. Milango ya kupitishia maneno ipo. Nawaomba wafasiri na walimu wenzangu wa Kisangani, kabla hatujapeleka neno lolote huko, tulijaribu kwanza Mangobo, kwa mwenye beseni. Mimi nilirudi kwake. Nikamwambia, "Mama, watayavundika maganda yako pamoja na ya wenzako, waopoe moto uliomo, na tope lirudi shambani." Akauliza kama tangi litakuwa karibu na kisima. Lilikuwa swali sahihi, na mpaka leo waliopanga mradi hawajamjibu.